Pinyo ya Meno Kumi na Saba

Kampene, Alhamisi tarehe 14 Machi

Mwanangu Mwavita,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke Kindu, na hii ndiyo barua ya kwanza ndefu ninayokuandikia. Zile nyingine zilikuwa vikaratasi vya kusindikiza vitu: pokea hiki, mpe shangazi kile. Hii haisindikizi kitu.

Mvua imetutoa kwenye shimo la dhahabu tangu saa nne asubuhi. Maji yamejaa chini na wenzangu wamelala. Mimi siwezi kulala. Useni, kijana anayebeba mizigo kwa pikipiki kati ya huku na kwetu, anaondoka kesho alfajiri, na amesema akikuta madaraja yamesimama atafika Kindu Jumamosi. Wewe unavuka mto Jumatatu kwenda kituoni kwako. Nimehesabu siku hizo kwa vidole mara nyingi, kana kwamba zitaongezeka. Tangu nianze kuandika nimeshatoka nje mara tatu kuangalia kama pikipiki ya Useni bado ipo pale chini ya turubai. Mara ya tatu akaniuliza, “Mzee, unataka kuiba?” Nikamwambia nataka tu kujua kama itawaka. Akacheka.

Unajua kwa nini ninaandika badala ya kupiga simu, kwa sababu Jumanne nilipiga. Ulikuwa na furaha. Ulinieleza kuhusu pikipiki uliyopewa kwa kazi ya kituo, rangi yake, kiti chake kirefu, lile sanduku la baridi la kubebea chanjo. Halafu ukasema fundi Salehe amekataa kuimaliza mpaka abadilishe pinyo na kuroni, yale magurudumu ya meno ya cheni, na wewe umemkatalia. Nikasema, mkubalie. Ukasema, “Baba, miye si mutoto. Ile pikipiki ikibadilishwa itakuwa ya kutembea kama kobe, na kutoka mto mpaka Kailo barabara iko nzuri. Nikiitiwa mgonjwa, nataka kufika.” Nikasema tena, mkubalie Salehe. Ndipo ukaniuliza lile swali. “Salehe anasema nikuulize weye kwa nini. Kwa nini, Baba?”

Nikakuambia mtandao ni mbaya, sikusikii. Mtandao ulikuwa mzuri, mwanangu. Nilikusikia mpaka ukakata.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za namna ya kukaa na watu usiowajua. Hayo umeyasomea miaka mitatu, na mimi niliishia darasa la sita. Shangazi yako Kibibi atakuwa amekwisha kukufungia chumvi, mawese na mchele wa kutosha kijiji kizima. Mimi nina kitu kimoja ninachokijua kuliko wewe na shangazi yako, nacho ni meno ya pikipiki porini. Nilikijua baada ya kukifanya vibaya.

Nianze na pikipiki yenyewe. Wakati wa vita, mfanyabiashara niliyekuwa nikimfanyia kazi alikimbia Kindu kwa ndege, akaniachia pikipiki yake moja akisema, ukiweza kuiokoa, iokoe. Niliifungua vipande vipande, nikavifunga kwa majani na turubai, nikavificha ng’ambo ya mto. Mambo yalipotulia kidogo, nikaiunga tena. Treni haikuja, magari hayakuwepo. Watu walikuwa wakisukuma baiskeli zenye magunia siku sita msituni ili wapate chumvi. Mtu mwenye pikipiki inayowaka alikuwa mtu mkubwa, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilipenda kuwa mtu mkubwa.

Lakini petroli ilikuwa shida. Esansi, kama tulivyoiita, ilikuja kwa chupa, chupa moja moja, na mara nyingine ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Kila mwenye pikipiki alitafuta namna ya kuifanya inywe kidogo. Siku moja nikapata kwa mtu pinyo mpya kabisa ya meno kumi na saba. Ile ya zamani ilikuwa na kumi na tano. Wewe sasa umeiona kwa Salehe, pinyo ni lile gurudumu dogo la meno linalotoka kwenye injini, na kuroni ni lile kubwa la nyuma, cheni inapita katikati. Ukiongeza meno mbele, tairi linazunguka zaidi kwa kila mzunguko wa injini. Kwenye barabara iliyonyooka unaruka, na petroli inadumu. Vijana wengi wa Kindu walifanya hivyo wakati ule. Hatukuwa wapumbavu. Tulikuwa na njaa ya petroli, basi, na kosa letu lilitokana na njaa hiyo.

Nilimpelekea Salehe aifunge. Alikuwa na karakana yake palepale alipo sasa, ila bila paa. Aliishika ile pinyo, akaigeuza mkononi kama mtu anayekagua samaki.

“Asumani, hii iko ya barabara kubwa. Weye unaenda nayo mu pori?”

“Inakula esansi kidogo.”

“Ndiyo. Esansi itabakia. Klachi njo itakwisha.”

“Funga, bwana. Pikipiki si yako.”

“Hata yako si yako,” akasema, na watu waliokaa pale wakacheka, kwa sababu wote walijua ni ya tajiri aliyekimbia. Nikaona haya. Haya ile ndiyo iliyonifanya nishikilie zaidi. Salehe akaifunga. Lakini ile ya zamani ya meno kumi na tano aliifunga katika kitambaa, akaiweka kwenye mfuko wa vifaa chini ya kiti changu pamoja na pingili za cheni. Akasema, “Ukiingia pori, badilisha. Iko kazi ya nusu saa. Ukitoka, rudisha.”

Nusu saa. Kumbuka hiyo.

Miezi mitatu niliruka. Kutoka mto mpaka Kailo hakuna aliyenipita. Watoto walinijua kwa mlio. Mama yako alikuwa hanioni kwa wiki nzima, na nikirudi alikuwa akisema, “Karibu kwa mke wako wa pili, wa kwanza iko nje anapoa.” Pikipiki ndiyo alikuwa akiiita mke wa kwanza. Shangazi yako amekueleza kwamba Zaina alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Ulimi wake ulikuwa na pilipili, na ndiyo maana nilimwoa.

Alipokuwa na mimba yako ya miezi saba, mjini kukawa kubaya, nikampeleka kwa wazazi wake, kijijini kule unakokwenda Jumatatu. Hukuombwa uende kule, uliomba mwenyewe. Ulisema unataka kuwatibu watu wa mama yako. Nilinyamaza siku ulipolisema hilo, na shangazi akadhani ni furaha.

Sasa nafika. Nimetoka nje tena. Mvua imepungua, na Useni anakaza boliti. Nimerudi.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda kumwona mama yako. Nilifika saa kumi alasiri, nikiwa nimeisukuma pikipiki karibu nusu ya ile njia ya msituni. Umeambiwa njia ile ilivyo? Ni nyembamba, mabega yanagusa majani. Mizizi imekatiza kila hatua, kuna magogo ya kuvuka, na kuna kona ambazo pikipiki inaingia kichwa kabla mkia haujamaliza kona iliyopita. Halafu kuna milima mitatu mifupi iliyosimama kama ukuta. Na pinyo yangu ile, hata gia ya kwanza ilikuwa na mbio kuliko njia. Mahali pa kwenda mwendo wa mtu anayetembea, mimi ilinibidi ama nikimbie ama injini izime. Kwa hiyo nilikuwa nikishikilia klachi nusu nusu, nusu nusu, njia nzima. Nilisikia harufu yake ikiungua. Kila mwendeshaji anaijua harufu ile.

Jioni ile nilikaa ukweni. Nilikuwa na saa mbili za mwanga wa jua. Pinyo ya meno kumi na tano ilikuwa chini ya kiti changu, na spana ilikuwepo. Vijana wa kijiji walizunguka pikipiki wakigusa hiki na kile, nami nikawa nawaeleza jinsi inavyopita zote. Nilifikiri, nikibadilisha leo, nikitoka barabarani kesho kutwa itabidi nirudishe. Nikaona uvivu. Mwavita, sikuwa na sababu nyingine. Nimeitafuta nyingine kwa miaka zaidi ya ishirini. Ulikuwa uvivu, na kupenda kusifiwa na vijana.

Mama yako alianza kuumwa kabla ya alfajiri, wiki tatu kabla ya hesabu. Mkunga wa kijiji, bibi mmoja hodari, alikaa naye mpaka kukapambazuka, kisha akatoka nje akaniambia, “Mutoto amekaa vibaya. Hapa miye siwezi. Umpeleke ku hospitali sasa, usikunywe hata chai.”

Tulimfunga mgongoni kwangu kwa vitenge viwili, mimi mbele na yeye nyuma, tumbo lake likinisukuma. Ulikuwa hapo, ukinigusa mgongo. Watu wakatupungia. Mlima wa kwanza tulipanda. Klachi ilikuwa imeshaanza kuteleza, injini inapiga kelele na tairi linasitasita. Mama yako akasema sikioni kwangu, “Asumani, hii mwanamke yako ya chuma inalia kuliko miye.” Alikuwa katika uchungu, na bado akasema hivyo. Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Ningeweza kusimama pale juu na kuiacha ipoe. Lakini aliumwa, nami niliogopa kusimama. Tukashuka, tukavuka kijito, tukaanza mlima wa pili. Katikati ya mlima, injini ikaunguruma kwa nguvu zake zote na tairi halikuzunguka hata kidogo. Moshi ukatoka pembeni ya injini. Nikazima. Kukawa kimya, nikasikia ndege.

Nilimlaza juu ya majani, nikakimbia kurudi kijijini. Wanaume sita wakaja na tipoyi, kile kitanda cha miti miwili kinachobebwa mabegani. Aliyeshika mti wa mbele alikuwa mjomba wako, kaka wa mama yako, Kalonda, wakati huo kijana mwenye nguvu. Mimi nilikuwa bado nahangaika na pikipiki, eti niisukume pembeni isije ikaibiwa. Kalonda akaniambia, “Shemeji, acha hiyo chuma. Muntu njo wa kubeba.” Nikaiacha.

Walimbeba kutwa nzima, wakipokezana bila kupumzika. Kwa pikipiki yenye meno yanayofaa, tungekuwa mtoni kabla ya saa tano. Tulifika mtoni saa kumi na moja jioni. Wabebaji hawakuvuka, waliogopa mjini. Mtumbwi ukatuvusha sisi wawili. Pale hospitali muuguzi alimtazama mama yako, akanitazama mimi, akauliza kwa hasira, “Mbona mumechelewa hivi?”

Nikajibu, “Askari walituzuia njiani.”

Yule muuguzi akatikisa kichwa, akaacha kuuliza. Wakati ule kila mtu alikuwa amezuiwa na askari siku moja au nyingine. Jibu lile lilikuwa tayari, limelala pale, mtu anaokota tu. Ulizaliwa kabla ya saa moja. Ulilia kwa nguvu, na mama yako alikusikia, maana alifungua macho. Damu haikukatika. Walifanya kila walichoweza kwa vitu walivyokuwa navyo. Saa mbili alikuwa ametuacha.

Hakukuwa na askari njiani siku ile, Mwavita. Hatukukuta hata mmoja, kutoka kijijini mpaka mtoni.

Shangazi yako alifika asubuhi, akasikia kwa yule muuguzi habari za askari, akalia akisema vita imemmeza wifi yake. Akakubeba, akasema huyu ni Mwavita. Nilikuwa nimesimama palepale. Mdomo ulikuwa wazi kusema hapana, nikaufunga. Tangu siku hiyo kila anayekuita anarudia uongo wangu bila kujua. Jina ni lako, ulizaliwa katika vita kweli, na wako wasichana wengi wenye jina hilo. Lakini kwa nini ulipewa, sasa unajua.

Ulipokuwa na miaka tisa ulimpiga mtoto wa jirani kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi. Ulirudi na jino limelegea, ukaniambia, “Nimemlipia Mama.” Nilikuosha damu mdomoni. Nikakuambia usipigane. Hiyo ndiyo siku ambayo ilifaa niseme, nami nikakuosha tu damu.

Salehe anajua. Wiki moja baadaye nilimpelekea vile visahani vya klachi, vyeusi kama mkaa, na mfuko wa vifaa. Aliufungua, akaikuta pinyo ya kumi na tano bado imefungwa katika kitambaa chake, na fundo lake mwenyewe. Alikuja msibani, na katika miaka yote hii hajawahi kulisema jambo hilo, hata tulipogombana kwa mambo mengine. Alipokuambia uniulize mimi, alikuwa ananipa nafasi. Alifanya vizuri, nami nimemchukia siku mbili kwa ajili hiyo.

Na Kalonda yuko hai. Yeye hajui habari za meno, lakini anajua hakukuwa na askari, maana miguu yake ilikanyaga njia nzima. Utakapofika atakukumbatia, atakueleza jinsi alivyombeba mama yako kutoka mlima wa pili ambapo pikipiki ilikufa. Utamwuliza, na askari? Atasema, askari gani? Nimeliona jambo hilo kila nikifumba macho tangu uombe kituo kile. Sikutaka ulisikie ukiwa umesimama mbele ya watu wageni, huna pa kuweka uso.

Nisikudanganye kwamba ninaandika kwa ajili ya ukweli peke yake. Kama ungekuwa unakwenda kituo kingine, pengine ningenyamaza mpaka kufa. Ninaandika kwa sababu mbili zimekutana: Kalonda atakuambia, na pikipiki yako ina meno ya barabarani.

Sasa meno. Sikiliza vizuri.

Yako imetoka dukani na kumi na tano mbele, arobaini na mbili nyuma. Hiyo ni ya mjini. Salehe anataka kukuwekea kumi na nne mbele na arobaini na nane nyuma. Yuko sahihi. Jino moja ukitoa mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, kwa hiyo mtu mvivu atakuambia toa mbele tu, mawili au matatu, imetosha. Usikubali. Pinyo ikiwa ndogo sana cheni inapinda mno, inakula meno na kukwaruza chuma cha nyuma, na itakatikia mahali pabaya. Toa moja mbele, yaliyobaki ongeza nyuma. Cheni iwe mpya na ndefu kidogo, maana kuroni kubwa inaihitaji. Na vyote vitatu vibadilishwe pamoja. Kipya kikikaa na kikuukuu, kikuukuu kinakiharibu.

Usizidishe pia. Hilo nalo nililifanya. Baada ya mama yako, nilipopata klachi nyingine, nilifunga kuroni kubwa kama sahani ya ugali ya watu wanane, na pinyo ndogo kuliko zote nilizopata. Nilikuwa na hasira na mbio. Pikipiki ikawa na nguvu ya kijinga: ukigusa tu mafuta, tairi linazunguka juu ya mzizi uliolowa bila kushika, linakutupa ubavuni. Gia ya kwanza inakwisha kabla hujapanda hatua tatu, unabadilisha, unabadilisha, mguu haupumziki. Mara mbili nilianguka na magunia ya watu. Sikutaka kusikia. Nilikuwa najiadhibu, na magunia hayakuwa yangu. Mpaka Salehe akaniambia, “Hii si pikipiki tena, hii iko mbuzi.” Akanirudisha katikati.

Katikati ni hivi. Jumapili, kabla hujavuka, mwambie Salehe apande nyuma yako, na mzee yule sasa ana tumbo, atakufaa kuliko gunia. Tafuta kilima kifupi, kibaya. Weka gia ya kwanza, achia klachi yote, mkono usiiguse kabisa. Kama inapanda taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, bila kutetemeka wala kuzima, umepata. Kama inazima, bado ni ya barabarani. Kwenye njia tambarare ya msitu ukae gia ya pili muda mrefu bila kuhangaika kubadilisha. Ikikulazimisha kubadilisha kila kona, umezidisha. Hayo tu. Mkono wako utajua kabla ya kichwa.

Utakuwa wa polepole mpaka Kailo. Vijana watakupita, watakuita mama mkubwa, watakuuliza kama umebeba mayai. Waache wapite. Ulisema unataka kufika. Kile kipande cha barabara nzuri kinakuibia dakika ishirini, labda. Njia ya msituni ndiyo iliyotuibia sisi kutwa nzima. Na mgongoni kwako kutakuwa na mtu amefungwa kwa kitenge.

Na Salehe asije akakuambia, chukua hizi ndogo katika mfuko, utabadilisha ukifika msituni. Anaweza kusema hivyo ili msigombane. Kataa. Zifungwe Kindu, kabla ya mto.

Nimesoma hapa juu nikaona nimeandika kama mtu anayekuamuru. Nimezoea. Wewe ni mtu mzima na pikipiki ni ya kazi yako. Kama baada ya kusoma haya utaiacha kama ilivyo kwa sababu tu ni mimi niliyesema, nitaelewa. Nakuomba tu, ukinikasirikia, nikasirikie mimi, usiyakasirikie meno. Mwache Salehe afanye kazi yake kwanza, halafu unikasirikie muda wote unaotaka.

Sijui utamwambia nini shangazi. Ningependa nimwambie mwenyewe, lakini barua ni yako na mdomo ni wako. Sijui pia kama utataka kunipigia simu. Simu yangu nitaiweka juu ya paa la kibanda Jumamosi na Jumapili nzima, maana pale mtandao unashika. Usipopiga nitajua umesoma. Ukipiga nitajua umesoma. Nisichoweza kuvumilia ni kutojua kama Useni amefika, kwa hiyo nimemwambia akupe mkononi, na asipokukuta aende kwa Salehe, na Salehe akufuate mpaka mtoni hata kwa baiskeli. Useni amesema, “Mzee, hii barua iko na dhahabu ndani?” Nimemwambia apunguze maneno, aongeze mbio. Halafu nikajisikia mjinga, maana ni mimi huyuhuyu, nikamwambia hapana, nenda polepole, daraja la pili limeoza upande wa kushoto.

Mkono umechoka. Mikono yangu siku hizi inashika sururu vizuri kuliko kalamu.

Huku nitabaki mpaka mvua zikatike. Nitatoka Kampene wiki ya mwisho ya mwezi wa sita, njia ikikauka. Kindu nitakaa siku moja tu, kumweleza shangazi yako macho kwa macho, kama hutakuwa umemweleza. Siku inayofuata nitavuka, nitalala Kailo, na kesho yake asubuhi nitaanza njia ya msituni kwa miguu. Kwa hesabu yangu nitakuwa kituoni kwako Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, mchana. Kama hutaki kunipokea, mtume mtu yeyote anisimamishe njiani, nitageuka bila kumwuliza neno. Nisipokutana na mtu, nitaendelea kupanda.

Baba yako,
Asumani